Meksiko, Cartagena au Kuba: uanzie wapi kuusoma utumwa wa Wahispania

Anayetaka kuusoma utumwa katika makoloni ya Uhispania hushtuka kwanza kwa ukubwa wake. Gavana Nicolás de Ovando alipewa maagizo ya kifalme yaliyoruhusu watumwa weusi kupelekwa ng'ambo mwaka 1501, na watumwa wa mwisho wa Kuba wakaja kuachiwa Oktoba 1886. Hapo katikati kuna karibu karne nne, na eneo linaloanzia Kalifonia hadi Buenos Aires, bila kuisahau Ufilipino. Hesabu za watafiti wa miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa Waafrika wapatao milioni 2 walishushwa katika makoloni hayo. Kama milioni 1.5 walitoka Afrika moja kwa moja. Waliosalia walipitishwa kwanza Jamaika, Curaçao, Brazili na kwingineko. Huwezi kuyasoma yote kwa mpigo, kwa hiyo lazima uchague pa kuingilia.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya tasnifu, mwalimu wa sekondari anayetaka darasa lake lijue kuwa utumwa wa Atlantiki haukuishia kwenye mashamba ya pamba ya Marekani, na msomaji wa kawaida mwenye hamu lakini asiye na muda wa kupotea njia. Nimechukua sehemu tatu: Meksiko, Cartagena iliyo Kolombia ya leo, na Kuba. Zote zilikuwa chini ya mfalme mmoja na, kwa sehemu kubwa, sheria moja. Maisha ya watu waliofungwa humo yalitofautiana sana, na ndiyo maana uchaguzi wako una uzito: ukianzia Kuba utaamini utumwa wa Kihispania ni kitu fulani, ukianzia Meksiko utaamini ni kitu kingine.

Vigezo

Nitazipima sehemu hizi tatu kwa mambo yaleyale: wakati na wingi wa watu, kazi waliyofanyishwa, kiasi ambacho sheria ilimfaa mtumwa mwenyewe, upinzani, nyaraka zilizobaki na ugumu wa kuzifikia, na mwisho, kama kuna uzi wa kweli unaotoka huko hadi upande wetu wa Afrika. Sitaipa alama kila sehemu na kutangaza mshindi. Swali ulilonalo wewe ndilo litakaloamua.

Kabla ya hapo, mambo mawili yanayozihusu zote.

Kwanza, Uhispania haikuwa na ngome zake za kununulia watu kwenye pwani ya Afrika, kwa sababu mkataba wa Tordesillas wa 1494 uliuacha upande huo kwa Wareno. Ikawa inauza vibali. Mwaka 1518 Mfalme Carlos alimpa mpambe wake Laurent de Gouvenot kibali cha kupeleka watu 4,000, naye akakiuza kwa wafanyabiashara bila kugusa meli yoyote. Baadaye vibali vikawa mkataba mmoja mkubwa ulioitwa asiento: Wareno waliushika kuanzia 1595 hadi 1640, wakaja watu wa Genoa, kisha Wafaransa, na mwaka 1713 ukaenda kwa Waingereza, walioahidi “vipande” 4,800 kila mwaka kwa miaka 30. Kipande kimoja kilikuwa kipimo cha mtu mzima mwenye afya kamili. Mtoto au mgonjwa alihesabiwa kuwa sehemu ya kipande. Ukizisoma hesabu hizo, kumbuka kila mara kuwa idadi ya vipande na idadi ya watu ni vitu viwili.

Pili, sheria mama ilikuwa ya karne ya 13, Siete Partidas za Mfalme Alfonso X. Ilimkubali mtumwa kama binadamu mwenye roho: aliweza kufunga ndoa, kulalamika kwa hakimu akitendewa ukatili, na kukombolewa. Mtoto alifuata hali ya mama yake. Wenyeji wa Amerika walipigwa marufuku kufanywa watumwa kwa Sheria Mpya za 1542, ingawa mipakani, kama huko Chile, waliendelea kukamatwa kwa miongo mingi. Bartolomé de las Casas, aliyewapigania wenyeji hao kwa nguvu zote, aliwahi kushauri waletwe Waafrika badala yao. Baadaye aliandika kwa mkono wake kuwa anajutia ushauri huo.

Wakati na wingi wa watu

Meksiko na Cartagena zinakwenda pamoja hapa. Zote mbili zilijaa watu wakati wa mkataba wa Wareno, yaani 1595 hadi 1640, na wengi wa walioletwa walitoka Angola na Kongo. Meksiko ilikuwa imeangamizwa na magonjwa. Tauni za 1545 na 1576 ziliua wenyeji wengi mno hata wenye migodi, ranchi na viwanda wakalilia watu wengine wa kufanya kazi. Meli zilishusha Veracruz. Cartagena, iliyoanzishwa 1533, ilikuwa lango la bara zima la kusini: wengine walibaki mjini, wengine walipelekwa kwenye dhahabu ya Antioquia na baadaye Chocó, wengine wakavushwa Panama na kupakiwa tena kuelekea Lima. Ureno ilipojitenga na Uhispania mwaka 1640, biashara hiyo ilianguka ghafla. Kwa Meksiko haikurudi tena kwa ukubwa ule. Katikati ya karne ya 17 nchi ilikuwa tayari na jamii kubwa ya weusi na watu wa damu mchanganyiko, na wengi wao walikuwa huru.

Kuba ni habari ya wakati mwingine kabisa. Kwa karne mbili na nusu ilikuwa kisiwa cha bandari, ng'ombe na tumbaku. Sensa ya 1774 ilihesabu watumwa kama 44,000. Sensa ya 1841 ilihesabu 436,495, kwenye kisiwa cha watu milioni moja hivi. Kilichotokea kati ya tarehe hizo mbili kinaeleweka vizuri: Waingereza waliishika Havana mwaka 1762 na kuonyesha jinsi biashara huria ya watu inavyotajirisha, mfalme akaifungua biashara hiyo mwaka 1789, watumwa wa Haiti wakaamka mwaka 1791, na Haiti, iliyokuwa mzalishaji mkuu wa sukari duniani, ikatoka sokoni. Francisco Arango y Parreño, msemaji wa matajiri wa Havana, aliona ajali ya jirani kuwa nafasi ya Kuba na akaishauri serikali ya Madrid hivyo kwa maandishi. Jumla ya waliofikishwa Kuba inapita 700,000, na wengi wao walifika baada ya 1790. Mamia ya maelfu miongoni mwao waliingizwa baada ya 1820, wakati Uhispania ilikuwa imeshatia saini mkataba na Uingereza wa kuacha biashara hiyo. Yaani walikuwa ni watu huru kisheria tangu siku waliyokanyaga ufuoni, na maofisa waliokula rushwa walilijua hilo.

Kazi

Hapa Meksiko inawashangaza wanaoingia wakitarajia mashamba tu. Mashamba ya miwa yalikuwepo, Morelos na upande wa Córdoba, lakini ukifuata watu kwenye nyaraka utawakuta kila mahali: wapishi na wayaya wa Mji wa Meksiko, wachunga ng'ombe, wasimamizi wa mafundi wenyeji migodini, na wafumaji wa sufu katika viwanda vya Puebla na Coyoacán vilivyoitwa obrajes. Viwanda hivyo vilikuwa vibaya. Milango ilifungwa usiku na mchana, na ndani waliwekwa pamoja watumwa, wafungwa na wenyeji wenye madeni.

Cartagena ni kazi za bandari: kupakua, kujenga kuta, kufua, kupika, kuuza matunda na maji barabarani na kumpelekea bwana fungu la mauzo kila siku au kila wiki. Nje ya mji kulikuwa na makasia ya mto Magdalena na karai za dhahabu.

Kuba inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu mtambo wa sukari wa karne ya 19 ni kitu kilichokuwa hakijaonekana katika himaya hiyo. Muwa ukishakatwa hausubiri. Ukikaa, sukari yake inaharibika. Kwa hiyo msimu wa mavuno, uliochukua kama nusu mwaka kuanzia Desemba au Januari, mashine haikuzimwa. Wakataji walikuwa shambani tangu alfajiri, mikokoteni ikaleta, wengine wakalisha mashine, wengine wakasimama juu ya masufuria ya maji ya miwa yanayochemka, na usiku zamu iliendelea. Kanuni za serikali za 1842, zilizotungwa eti kumlinda mtumwa, ziliruhusu saa 16 za kazi kwa siku wakati wa mavuno. Hicho ndicho kilichokuwa kiwango cha huruma. Watu walilala katika barracón, jengo la mraba lenye lango moja linalofungwa usiku na vidirisha vidogo. Injini za mvuke zilipofika, na reli mwaka 1837 kabla Uhispania yenyewe haijawa na reli, kazi haikupungua. Shamba lililokuwa mbali na bandari sasa lilifaa kulimwa, na watu zaidi wakanunuliwa. Kuanzia 1847 wakaongezwa Wachina wa mkataba, wapatao 125,000 hadi 1874, na waliohojiwa na tume ya serikali yao mwaka huo wa mwisho walisimulia mijeledi ileile.

Hata hivyo Kuba si mitambo peke yake. Havana ilikuwa na mafundi seremala, washona nguo, na askari wa mgambo weusi waliokuwa huru. Ukiisahau Havana utaikosa nusu ya habari.

Sheria ilimfaa nani?

Hiki ndicho kigezo ninachokithamini zaidi, na ndipo watu wanapopotoshwa. Kuna simulizi ya zamani kuwa Wahispania walikuwa wapole kuliko Waingereza kwa sababu ya sheria na kanisa. Wapo wanaoikataa kabisa na kusema sheria ilikuwa karatasi tupu. Nyaraka zinawakatalia wote wawili.

Chukua Meksiko. Mahakama ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki ya makosa ya imani, ilianza kazi huko mwaka 1571, na kukufuru lilikuwa miongoni mwa makosa iliyoyahukumu. Watumwa waligundua mwanya. Mtu amefungwa, anachapwa, mjeledi wa kumi, wa ishirini. Anapaza sauti kuwa anamkana Mungu na watakatifu wote. Wanaosikia wanatetemeka, kwa sababu sasa kuna kosa la imani na wao ni mashahidi. Kipigo kinasimama, kesi inakwenda kwa makasisi, na mbele ya mwandishi wa mahakama mtumwa anapata nafasi ya kueleza bwana wake anamtendea nini. Mara nyingi aliishia kuchapwa tena kwa amri ya mahakama. Lakini maneno yake yakabaki kwenye karatasi, na leo tunayasoma. Mwanya mwingine ulikuwa ndoa: mwanamume mtumwa akimwoa mwanamke mwenyeji, watoto wanazaliwa huru, kwa kuwa mtoto anafuata mama. Hesabu hiyo, iliyorudiwa kwa vizazi, ilitafuna utumwa wa Meksiko kutoka ndani miaka mingi kabla ya Rais Vicente Guerrero, mwenyewe mzao wa Waafrika, kuufuta Septemba 1829.

Kuba ilikuwa na desturi iliyoitwa coartación. Mtumwa akitoa sehemu ya bei yake, bei iliyobaki inagandishwa, na bwana hawezi tena kuipandisha. Wanawake wa mjini waliouza chakula au kufua walikuwa miongoni mwa waliotumia sana njia hii, kwao na kwa watoto wao. Kwa mtu wa shambani, aliyekuwa na mikono yake tu na hakupata senti, haki hiyo ilikuwa mbali kama mwezi. Na pale mfalme alipojaribu kweli, kwa amri ya 1789 iliyoweka mipaka ya adhabu na kazi, wenye mashamba walilalamika hadi ikasimamishwa. Sheria ile ya karne ya 13 haikubadilika. Bei ya sukari ndiyo iliyopanda.

Cartagena ina Wajesuiti, mapadri wa shirika moja la Kikatoliki. Alonso de Sandoval aliandika mwaka 1627 kitabu kizima kuhusu Waafrika waliokuwa wakishushwa pale, makabila yao na hali ya meli. Mwenzake Pedro Claver, aliyefika mwaka 1610 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1888, aliingia kwenye maghala ya watu waliotoka melini kuwabatiza na kuwauguza. Wengi huishia hapo. Mimi ningependa uwaangalie waliosimama nyuma yake: wakalimani, Waafrika ambao chuo cha Wajesuiti kiliwamiliki, kila mmoja akizungumza lugha kadhaa. Claver hakuweza kusema lolote na wagonjwa wale bila wao. Mmoja, Andrés Sacabuche kutoka Angola, alitoa ushahidi wake kuhusu Claver baada ya padri huyo kufa mwaka 1654. Mtumwa anashuhudia utakatifu wa mtu ambaye shirika lake ndilo linalommiliki. Padri alikuwa mwema kwa wagonjwa na utumwa ukaendelea. Yote mawili yanasomeka katika faili moja.

Upinzani

Kama watoro ndio waliokuvuta kwenye mada hii, Meksiko na Cartagena zinashindana vikali.

Meksiko ina Yanga, kiongozi wa watumwa waliotoroka. Alikuwa na watu wake kwenye milima ya Veracruz kwa miongo kadhaa, wakivamia njia ya kwenda bandarini. Jeshi lilitumwa mwaka 1609. Akiwa mzee, uongozi wa vita aliuacha kwa Francisco de la Matosa, mtu wa Angola. Mwisho serikali ilikubali mji huru wa weusi, San Lorenzo, ambao leo unaitwa Yanga. Masharti yake yanauma kuyasoma: wenye mji walitakiwa kuwarudisha watoro wapya. Uhuru wa hawa ulilipiwa na wale. Na katika Mji wa Meksiko kwenyewe, mwaka 1612, hofu ya njama ambayo huenda haikuwepo iliwafanya wakuu wanyonge watu weusi 35, wanaume 28 na wanawake 7. Chimalpahin, mwandishi wa historia aliyekuwa mwenyeji, aliirekodi siku hiyo kwa lugha yake ya Kinahuatl.

Cartagena ina Benkos Biohó, aliyetoroka mwishoni mwa karne ya 16 na kuanzisha ngome ya watoro. Alishafanya suluhu na serikali, lakini akakamatwa na kunyongwa mwaka 1621. Na ina San Basilio de Palenque, kijiji cha watoro kilichotambuliwa mwanzoni mwa karne ya 18 na ambacho bado kipo, na lugha yake yenye asili ya Kihispania na Kikongo bado inasemwa. UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Kwa mtu anayetaka historia iliyo na wazao wake hai wa kuzungumza nao, hakuna mahali pengine kama hapo.

Upinzani wa Kuba ni wa mtindo wa karne ya 19. José Antonio Aponte, fundi seremala huru wa Havana na askari wa mgambo, alinyongwa Aprili 1812 kwa kupanga uasi. Polisi walikamata kwake kitabu cha michoro, kikiwa na wafalme weusi na majeshi ya weusi. Kitabu kimepotea, tulichonacho ni mahojiano, ambamo aliulizwa ukurasa baada ya ukurasa aeleze alichochora. Novemba 1843, kwenye mtambo wa Triunvirato jimboni Matanzas, watumwa waliamka, na mmoja wa viongozi wao alikuwa mwanamke aitwaye Carlota. Kuba ilipopeleka askari Angola mwaka 1975 iliipa operesheni hiyo jina lake. Mwaka 1844 serikali ilijibu kwa kamatakamata, watu wakifungwa kwenye ngazi na kuchapwa hadi wakiri. Mshairi Plácido alipigwa risasi Juni mwaka huo.

Nyaraka, na ugumu wake

Makavazi makuu ya himaya yote yako Seville, na sehemu yake nzuri unaweza kuisoma bure kwenye tovuti ya makavazi ya Uhispania iitwayo PARES. Hapo tatizo ni mwandiko. Hati za karne ya 16 na 17 zimeandikwa kwa mkono unaoviringika bila kuinua kalamu, na hata Mhispania wa leo hazisomi bila mafunzo. Meksiko ina hazina kubwa zaidi nyumbani kwake, katika Makavazi ya Taifa yaliyomo kwenye jengo la gereza la zamani la Lecumberri. Kwa Cartagena utategemea Seville, Bogotá na mafaili ya kanisa, kwa hiyo uwe na subira.

Kuba ni rahisi kuliko zote, na hili lina maana kubwa kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi. Waingereza waliifuatilia biashara haramu ya Havana kwa miongo mingi, wakawa na majaji wao pale, na ripoti zao ziko kwa Kiingereza. Madaftari ya watu waliookolewa melini yana majina, umri, urefu na alama za mwilini. Safari zenyewe zimewekwa kwenye kanzidata ya mtandaoni ya Slave Voyages. Tena Kuba inayo maandishi ya mtumwa mwenyewe: Juan Francisco Manzano, aliyejifunza kuandika kwa siri kwa kufuatisha mwandiko wa bwana wake kwenye karatasi zilizotupwa, aliandika maisha yake mwaka 1835, na tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa London mwaka 1840.

Uzi unaofika kwetu

Meli za kifalme zilizosafiri kila mwaka kutoka Manila hadi Acapulco zilibeba hariri, na zilibeba watu pia. Baadhi yao walikuwa Waafrika wa upande wa Msumbiji waliopitishwa Goa na Macau mikononi mwa Wareno. Ni wachache, lakini wapo kwenye nyaraka za Meksiko.

Kwa Kuba uzi ni mnene zaidi. Manowari za Uingereza zilipobana Afrika Magharibi, wafanyabiashara walizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kununua watu Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji. Ndiyo maana orodha za mashamba ya Kuba zina watu walioitwa Macuá. Wamakua wako kaskazini mwa Msumbiji, na wako Masasi na Tunduru pia. Tahadhari moja: jina la kabila kwenye orodha ya shamba liliandikwa na mnunuzi, na mara nyingi lilieleza bandari kuliko ukoo. Usikimbilie kudai kuwa umempata babu.

Cartagena haina uzi wa mashariki wa kutegemea. Ina wa Kongo na Angola, na msomaji wa Kiswahili aliye Kongo ataukaribia kuliko sisi wa pwani.

Ni ipi ikufae?

Meksiko inamfaa anayejiuliza jinsi watu walivyoweza kujitoa utumwani kwa sheria, ndoa na kanisa, na jinsi jamii nzima inavyoweza kusahauliwa. Sensa ya 2020 ndiyo iliyohesabu Wameksiko zaidi ya milioni 2.5 wanaojitambua kuwa na asili ya Afrika. Katiba iliwataja mwaka mmoja tu kabla. Haimfai asiye tayari kujifunza Kihispania.

Cartagena inamfaa mtu wa lugha, wa dini au wa historia simulizi. Ni ndogo, unaweza kuizunguka yote, lakini takwimu zake zitakuponyoka.

Kuba inamfaa mtu wa uchumi, wa takwimu, na anayetaka kulinganisha na kwetu. Puerto Rico, koloni pacha, iliufuta utumwa Machi 1873, miezi michache kabla ya Sultani Barghash kulifunga soko la Zanzibar. Kuba ikaukokota hadi 1886, ikianza kwa sheria ya 1870 iliyowaachia huru watoto wachanga na wazee, yaani wale ambao bwana hakuwa na faida nao. Ulinganisho wa karafuu na sukari katika miaka hiyohiyo ni tasnifu inayosubiri mtu. Hatari ya Kuba ni kelele zake: ukianza nayo na kuishia nayo, utadhani utumwa wote wa Kihispania ulikuwa mtambo wa mvuke.

Kwa hali yako

Una muhula mmoja na husomi Kihispania: chukua Kuba, na ubane swali lako kwenye miaka 1820 hadi 1867, wakati wa biashara haramu.

Una miaka miwili na uko tayari kujifunza lugha: nenda Meksiko. Anza na kesi za kukufuru. Zimeandikiwa sana, kwa hiyo utakuwa na wa kukuongoza wakati macho yako yanazoea mwandiko.

Wewe ni mwanaisimu, au unazungumza lugha ya Kikongo: Palenque, bila kusitasita.

Unataka watu wa pwani yetu na hujali ni koloni gani: itazame pia Montevideo na Buenos Aires mwishoni mwa karne ya 18, ambako sehemu kubwa ya walioshushwa walitoka Msumbiji. Nimeziacha nje ya ulinganisho huu kwa sababu ya nafasi tu. Vivyo hivyo Fernando Poo, Bioko ya leo, ambayo Uhispania iliipata kutoka kwa Wareno mwaka 1778. Anayetaka kuona himaya hiyo ikitumia kazi ya shuruti kwenye ardhi ya Afrika yenyewe, aanzie hapo.

Wewe ni mwalimu na una vipindi viwili: usijaribu sehemu zote tatu. Chukua sensa mbili za Kuba, ya 1774 na ya 1841, ziandike ubaoni, na uwaulize wanafunzi nini kilitokea katikati. Kipindi cha pili wasomee masharti aliyopewa Yanga, kisha wagawane: kundi moja liwe wazee wa San Lorenzo wanaotakiwa kukubali, kundi jingine liwe watoro wanaofika mlangoni wiki inayofuata.